Muzdalifa na Mikeka Iliyobaki Nyuma

Hujaji anayetoka Arafa kuelekea Muzdalifa baada ya jua kuzama huvuka mpaka ambao wengi hawautambui. Hapana lango, hapana mto, hapana ukuta. Pana vibao vikubwa kando ya barabara vinavyoeleza kuwa hapa ndipo Arafa inapoishia, na baada ya mwendo wa kitambo vibao vingine vinavyoeleza kuwa hapa ndipo Muzdalifa inapoanzia. Arafa, pamoja na utukufu wake wote, iko nje ya mipaka ya Haram ya Makka. Muzdalifa iko ndani. Yule aliyeshinda mchana kutwa katika kisimamo, akiomba chini ya miti ya mwarobaini iliyopandwa kwa maelfu katika uwanda ule, usiku huo anarejea katika ardhi yenye sheria zake.

Sheria hizo tunazisoma madrasa tukiwa wadogo, na mara nyingi tunazikariri bila ya kuzipima. Katika Haram mti uliojiotea haukatwi. Mnyama wa porini hawindwi, wala hafukuzwi kivulini alipojipumzisha. Kitu kilichoangushwa na mwenyewe hakiokotwi ila na mtu anayekusudia kukitangaza. Mtume (s.a.w.) alipoyabainisha hayo siku ya kufunguliwa Makka, ami yake Abbas aliomba majani ya idhkhiri yatolewe katika katazo hilo, kwa kuwa wahunzi waliyahitaji na watu waliyatumia majumbani mwao, na ombi hilo likakubaliwa. Tazama, ndugu msomaji, jinsi jambo lilivyokuwa zito: hata jani la kuezekea nyumba lilihitaji ruhusa. Ardhi hii tangu mwanzo iliwekewa adabu ya mgeni: aingie, afanye ibada yake, aondoke, na nyuma yake ndege na mti wabaki kama alivyowakuta.

Makala hii inahusu usiku mmoja juu ya ardhi hiyo, na asubuhi iliyofuata.

Mahali palipo tupu

Mtu asiyewahi kufika hudhani kuwa Muzdalifa ni mji. Si mji. Ni bonde pana kati ya vilima vya mawe, lililoko baina ya Arafa na Mina, na kwa sehemu kubwa ya mwaka halina wakaazi. Pana barabara, taa ndefu, vyoo, vituo vya reli ya Mashair iliyoanza kuwabeba mahujaji mwaka 2010, na pana msikiti wa Mash'aril Haram. Hema ni za Mina. Muzdalifa kwa walio wengi ni kulala chini ya mbingu. Tajiri na maskini, profesa na mvuvi, wote hulala juu ya kokoto na lami wakiwa na shuka mbili nyeupe, na mto wa kulalia huwa ni begi au kiatu. Wapo wasemao kuwa hakuna mahali pengine duniani ambapo mwanadamu hujifunza udogo wake kama hapo, na aliyelala hapo hatashindana nao.

Amali za usiku huo ni chache. Hujaji anapofika husali Magharibi na Isha kwa kuzikusanya, na Isha huipunguza. Huokota vijiwe vya kutupa Jamarati, vyenye ukubwa wa punje ya dengu au kupita kidogo. Vijiwe 7 vinamtosha kwa siku ya Idd. Anayetaka kuviokota vyote pale atahitaji 49 akiondoka Mina siku ya pili ya Tashriki, au 70 akikaa hadi siku ya tatu. Kisha hulala. Wadhaifu, wazee na wanaowahudumia wana ruhusa ya kuondoka baada ya sehemu kubwa ya usiku kupita. Waliobaki husali Alfajiri mapema, husimama kumkumbuka Mola wao hadi kupambazuke, kisha huelekea Mina kabla ya jua kuchomoza.

Hayo tu. Ni usiku usiohitaji vitu vingi. Iweje basi bonde hilo asubuhi lionekane kama soko lililokimbiwa na wenyewe?

Vilivyobaki asubuhi

Nilishiriki ibada hiyo nikiwa msaidizi wa kikundi cha mahujaji 42 kutoka misikiti kadhaa ya pwani ya Tanzania. Kulipopambazuka niliona kwa macho yangu nilichokuwa nimekisikia kwa waliotangulia. Mikeka ya plastiki ya kukunja, inayouzwa Makka kwa riyali chache, imetandazwa hadi mguu wa kilima bila ya mtu juu yake. Chupa ndogo za maji, nyingine zikiwa zimenywewa funda moja tu. Sahani za plastiki zenye wali uliobaki. Vikombe vya maziwa ya mtindi na maboksi ya juisi vyenye mirija yake. Kandambili zilizokatika, miavuli, na hata mablanketi yaliyotumika usiku mmoja. Upepo wa asubuhi ulikuwa ukibeba mifuko myepesi na kuitundika katika nyavu za uzio.

Si haki kusema kuwa watu wale wote ni wachafu. Wengi wao nyumbani kwao hufagia uwanja kabla ya jua kuchomoza. Sababu ni nyingine, na inafaa zitajwe moja moja, kwani ugonjwa usiojulikana chanzo chake hautibiki.

Sababu ya kwanza ni ukarimu. Njiani kutoka Arafa watu wa kheri hugawa maji, juisi na chakula kwa ajili ya Allah. Hujaji aliyechoka hupokea kila anachopewa, kwa kuwa kukataa kunaonekana kama kudharau sadaka. Anafika Muzdalifa akiwa na chupa tano na mikono miwili.

Sababu ya pili ni urahisi wa bei. Mkeka uliofumwa kwa ukindu na mikono ya mama huko Pemba hauachwi njiani. Mkeka ulionunuliwa jana kwa bei ya kikombe cha chai hauna mwenyewe leo. Wazee wetu walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Sisi sasa tunaacha vyote viwili.

Sababu ya tatu ni haraka. Basi linaitwa, kiongozi anapaza sauti, kila mtu anamtafuta mwenzake. Katika hali hiyo mtu hushika begi lake la dawa na pasi yake ya kusafiria, mengine huyaachia dunia.

Sababu ya nne, nayo ndiyo kubwa, ni ile kauli inayosikika kwa lugha zote za Waislamu: wapo watu wa kusafisha. Ni kweli wapo. Serikali ya Saudi Arabia huweka maelfu ya wafanyakazi wa usafi katika maeneo ya ibada kila msimu, wengi wao vijana kutoka Bangladesh na nchi nyingine za Asia, pamoja na magari na mashine za kushindilia taka. Bila ya hao, bonde lisingekalika kwa siku mbili. Lakini kuwapo kwa mfagiaji hakumpi mtu ruhusa ya kuchafua, kama vile kuwapo kwa tabibu kusivyompa mtu ruhusa ya kujikata.

Walivyosafiri waliotangulia

Siku ya nane ya Dhul Hijja huitwa siku ya Tarwiya, na maana inayotajwa zaidi na wanazuoni inatokana na maji. Siku hiyo mahujaji walijaza viriba vyao Makka na kuwanywesha wanyama wao, kwa kuwa huko mbele, Mina na Arafa, maji hayakuwapo ya kutosha. Jina lenyewe la siku ni mafunzo ya maandalizi: kila mtu alibeba alichohitaji. Na kwa kuwa alikibeba mwenyewe mgongoni au juu ya ngamia, alikijua kwa idadi na kukirudisha kwa idadi. Kiriba hakitupwi. Kikombe cha mti hakitupwi. Kilichobaki nyuma kilikuwa ni kokwa za tende na majivu ya moto.

Karne ya pili ya Hijria, Zubeida binti Jaafar, mkewe Khalifa Harun al-Rashid, aliwaonea huruma mahujaji kwa kiu yao, akagharimia mifereji ya kuleta maji Makka na maeneo ya ibada. Mfereji uliobeba jina lake uliwanywesha watu kwa mamia ya miaka, na mabaki yake yanaonekana hadi leo karibu na Arafa. Kuna tofauti ya kuzingatiwa kati ya sadaka ya Zubeida na sadaka zetu za leo. Yeye alileta maji, na watu wakaja na vyombo vyao. Sisi tunaleta maji na vyombo, na vyombo vinabaki. Simkosoi anayetoa, Allah amlipe kila atoaye. Ninasema tu kuwa mpokeaji ana wajibu wa sehemu iliyobaki mkononi mwake baada ya kiu kukatika.

Idadi nayo imebadilika. Mwaka 2012 mahujaji walizidi milioni 3. Mwaka 2024 walikuwa zaidi ya milioni 1.8. Chukua chupa mbili tu kwa kila mtu kwa usiku mmoja, na hesabu itakujibu yenyewe.

Mashauriano ya kikundi

Kabla ya kuelekea Mina tulikaa katika ukumbi wa hoteli Makka kupanga safari. Mmoja wetu, kijana mwalimu wa shule ya msingi, alipendekeza kikundi kijiwekee azma: tutakapoondoka Muzdalifa, mahali petu pasionekane kuwa palilaliwa. Wengi waliitikia kwa furaha. Amiri wa kikundi hakuitikia.

"Ustadh," aliniambia mbele ya wote, kwa upole, "mimi nimekabidhiwa watu 42, na wanane kati yao wanatembelea fimbo. Asubuhi ya Muzdalifa ni asubuhi ya watu kupotea. Nikianza kuokota chupa na mzee mmoja akanitoka machoni, nitawaambia nini watoto wake? Taka zina watu wake. Wazee hawa wana mimi tu."

Maneno yale hayakuwa ya uvivu. Amiri alikuwa amekwenda Hija mara kadhaa, na anajua uzito wa amana ya mtu kuliko uzito wa chupa. Ukumbi ukanyamaza. Kijana mwalimu alitaka kujibu, akajizuia.

Aliyetutoa katika mkwamo huo alikuwa bibi mmoja wa Pangani, wa umri wa miaka sabini na ushei, aliyekuwa kimya muda wote akivuta tasbihi yake. "Wanangu," alisema, "nyumbani vyombo huoshwa kabla ya kulala. Anayengoja asubuhi huamkia sisimizi."

Hapo kila mtu akaelewa. Kosa halikuwa katika azma, lilikuwa katika saa. Asubuhi ni ya amiri na wazee wake. Usiku ni wetu. Tukakubaliana hivi. Kikundi kigawanywe katika duara saba za watu sita. Kila duara iwe na mfuko mmoja imara wa taka na mtu mmoja wa kuusimamia. Baada ya kusali, kula na kuokota vijiwe, kabla ya mtu yeyote kulala, kila kitu kisichohitajika kiingie mfukoni na mfuko ufungwe. Baada ya hapo kila mmoja abaki na chupa moja yake, iliyoandikwa jina lake. Mikeka ikunjwe mara tu baada ya sala ya Alfajiri, kabla ya dua ya kusimama, na kila mtu abebe wake hadi Mina, utamfaa huko. Amiri alisikiliza, akasema, "Hili haliniharibii kazi." Kisha akaongeza kuwa mfuko wa duara ya wazee ausimamie yeye mwenyewe.

Usiku wenyewe

Basi letu lilifika Muzdalifa karibu saa nne usiku, baada ya msongamano mrefu. Tulisali, tukala tende na mikate, tukainama kutafuta vijiwe kwa mwanga wa taa. Kazi ya mifuko haikuchukua robo saa. Kijana mmoja wa duara yetu alitaka kuokota na taka za majirani, akasita na kuuliza swali zuri: je, si tumeambiwa kuwa kilichoangushwa ndani ya Haram hakiokotwi ila kwa kutangazwa?

Jibu la mafakihi ni bayana. Katazo ni la kilichopotea, yaani mali ambayo mwenyewe ataikumbuka na kuitafuta. Chupa tupu au ganda la tunda ambalo mwenyewe amelitupa kwa hiari si mali iliyopotea, kuliondoa ni kuondoa udhia, na Mtume (s.a.w.) alilihesabu jambo hilo kuwa ni sadaka na ni tawi la imani. Lakini mkeka, kandambili au begi ambalo hujui kama mwenyewe amelitelekeza au amekwenda chooni, liache mahali pake. Kijana akaridhika, akaokota chupa, akaiacha mikeka.

Jirani zetu upande wa kulia walikuwa mahujaji wa Nigeria. Walikuwa wakitutazama kwa muda. Mama mmoja kati yao alimwendea bibi wa Pangani, akaonyesha mfuko kwa ishara. Hawakuwa na lugha ya pamoja ila salamu. Bibi akampa mfuko wa akiba. Baada ya dakika chache duara yao nayo ilikuwa imefunga wa kwao.

Yaliyotokea saa tisa usiku yanafaa kusimuliwa kwa uzito wake. Mzee mmoja wa kikundi chetu aliamka kwenda kutawadha, akiongozana na mwanawe. Njia ya kwenda vyooni ilipita kati ya makundi ya watu waliolala, na pembezoni mwake mikeka na chupa zilikuwa zimetapakaa. Alikanyaga chupa, ikabingirika, akaanguka, kifundo cha mguu kikageuka. Hakuvunjika, alhamdulillahi. Lakini aliingia Mina kwa kiti cha magurudumu, na siku ya Idd hakuweza kuifikia Jamarati. Kwa udhuru wake alimwakilisha mwanawe kumtupia vijiwe vyake, na wanazuoni wameruhusu hilo. Ibada yake imetimia, inshaAllah. Hata hivyo, mtu aliyeweka akiba kwa miaka kumi na moja kutokana na bustani ya minazi ili asimame pale kwa miguu yake, alikosa kusimama pale kwa sababu ya chupa iliyonywewa na mtu asiyemjua.

Hapo nilielewa kuwa hofu ya amiri na azma ya kijana mwalimu zilikuwa kitu kimoja. Kumlinda mzee na kuondoa taka si kazi mbili zinazogombania saa moja. Njia iliyosafishwa ndiyo ulinzi wa kwanza wa mzee.

Mfagiaji

Kulipopambazuka tulifikisha mifuko yetu kwenye pipa la karibu, tukalikuta limejaa na kufurika. Kijana wa usafi alikuwa hapo na fagio lake refu. Kwa Kiarabu changu cha chuoni na Kiarabu chake cha kazini tulielewana. Nilimuuliza tuiweke wapi. Alionyesha ukingo wa barabara ambako gari lingepita, kisha akaigusa mifuko mmoja baada ya mwingine kuona kama imefungwa. Alipoona imefungwa alicheka. Alisema kuwa taka nyingi hazimchoshi. Kinachomchosha ni zilizo huru, kwa kuwa hufagia mahali, upepo ukapita, akafagia tena palepale. Mfuko uliofungwa hubebwa mara moja.

Mahujaji wengi humpa mtu kama yeye riyali tano au kumi, na ni jambo jema. Naye hatakataa. Lakini ukimpa noti kwa mkono wa kulia na kumwangushia boksi la juisi kwa mkono wa kushoto, umemfanya nini? Yeye ni Muislamu, yumo ndani ya Haram, na pengine hajapata nafasi ya kuvaa ihramu mwaka huo kwa sababu ndiye anayefagia walipolala wenye ihramu.

Huenda msomaji akauliza: je, mifuko saba katika bonde lile ilikuwa na maana gani? Pale tulipokuwa palibaki safi kwa upana wa hatua ishirini hivi, na pande zote za hatua hizo palikuwa vilevile kama nilivyoeleza. Jibu langu ni kuwa Sharia haikutukalifisha bonde lote. Imetukalifisha mahali tulipolala. Kila mmoja ataulizwa juu ya alichokichunga, na sisi tulikabidhiwa hatua ishirini.

Kinachowezekana kwa mpango

Wapo wanaokata tamaa kuwa umati mkubwa haupangiki. Mina inawajibu. Tarehe 15 Aprili 1997 moto uliteketeza hema nyingi huko na kuua mamia ya mahujaji. Baada ya hapo hema za pamba ziliondolewa, zikajengwa hema za kudumu zisizoshika moto kwa urahisi. Leo bonde zima ni meupe kwa hema hizo.

Chukua na wanyama wa kuchinjwa. Zamani nyama nyingi iliharibika Mina, kwa kuwa wachinjaji walikuwa wengi na walaji wachache kwa siku zile, na mizoga ikawa ni tatizo la afya. Mwaka 1983 ulianzishwa mradi wa Adahi chini ya usimamizi wa Benki ya Maendeleo ya Kiislamu. Hujaji hulipia mnyama, huchinjwa kwa niaba yake katika machinjio, na nyama hugawiwa mafukara wa Haram na nyingine kusafirishwa kwenda nchi nyingi za Waislamu wahitaji. Kilichokuwa taka kikawa chakula.

Hata vijiwe vya Jamarati vina njia yake. Daraja jipya la ghorofa tano limejengwa kiasi kwamba vijiwe vinavyotupwa huporomoka hadi chini kabisa, vikakusanywa kwa mashine na kuondolewa. Lakini mitambo hiyo iliwekwa kwa ajili ya vijiwe. Bado wapo wanaotupa kandambili na chupa kwa hasira, wakidhani wanampiga Shetani mwenyewe, ilhali wanazuoni wamebainisha kuwa hilo halijuzu wala halihesabiwi.

Tunajifunza kuwa pale ambapo mpango upo, umati hufuata. Kinachobaki ni sehemu ambayo serikali haiwezi kumfanyia mtu, nayo ni mkono wake mwenyewe.

Kwa wanaojiandaa, na kwa tuliobaki nyumbani

Familia inayomwandalia mzazi safari ya Hija inaweza kumsaidia kwa mambo madogo. Mpeni chupa imara ya kujaza tena, yenye kamba ya kuvaa begani. Mpeni mkeka mwepesi atakaorudi nao, si wa kutupa. Mtieni mifuko minne au mitano ya taka katika begi la ihramu. Uzito wake ni mdogo kuliko wa kanga. Sabuni isiwe na manukato, kwani aliye katika ihramu amekatazwa manukato. Mfundisheni kusema "jazakallahu khayran" kwa anayempa chupa ya sita, na kuirudisha kwa upole ili apewe mwenye kiu. Na mkumbusheni kuwa Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa maji ya kibaba kimoja, naye ndiye aliyekuwa na haki zaidi ya kutumia mengi.

Viongozi wa vikundi waliweke jambo hili katika semina za maandalizi, pamoja na masomo ya tawafu na sa'yi. Dakika kumi zinatosha. Wapange duara, wataje msimamizi wa kila mfuko, na wakumbuke saa ya bibi wa Pangani: kabla ya kulala.

Nasi tuliobaki tusidhani kuwa habari hii ni ya Makka tu. Tazama uwanja wa mpira mara baada ya sala ya Idd, magazeti ya kusalia yakiwa yametandazwa yakingoja upepo. Tazama uwanja wa Maulidi asubuhi, sahani za pilau zikiwa chini ya miembe. Tazama ufuo walipokwenda vijana wa madrasa kwa matembezi ya mwisho wa mwaka. Mtume (s.a.w.) aliwatahadharisha watu na kuchafua njia ipitwayo, kivuli kinachokaliwa na mahali pa maji, viwanja vyetu vya ibada ni vyote vitatu kwa pamoja. Wala tusiseme kuwa tabia haibadiliki. Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara, wengi walisema soko litasimama. Mama zetu walitoa vikapu vilivyokuwa vimetundikwa jikoni, wakaenda sokoni kama walivyokwenda mama zao.

Kamati ya msikiti wetu imekwisha kuafikiana juu ya Idd ijayo. Kila familia itakuja na msala wake au mkeka, na hakuna gazeti litakalotandazwa. Watoto wa madrasa wa kuanzia miaka kumi watapewa safu zao, kila safu na mfuko wake, na watu wataombwa wasitawanyike kwa kupeana mikono kabla mifuko haijafungwa. Mzee aliyeumia Muzdalifa, ambaye sasa anatembea vizuri, ameomba apewe safu ya mbele aisimamie.

Tunamuomba Allah (s.w.t.) awakubalie mahujaji wote Hija zao, awalipe kheri wale wanaofagia nyuma yao, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaopita juu ya ardhi kwa unyenyekevu.

Wabillahi tawfiiq.